Kanisa la Waliosimama Lilivyopata Jina Lake

Mheshimiwa Mwenyekiti wa LC Tatu, baraza la serikali ya tarafa yetu; Baba Askofu Patroba Okanya, mwanzilishi na kiongozi wa Kanisa la Waliosimama; Askofu Arnold Wandera, uliyevuka mpaka asubuhi ya leo pamoja na waumini wako wa upande wa Kenya; wachungaji, mashemasi na wazee wa kanisa; Hajati Hadijah, jirani yetu mwema, mwenye hema hili linalotukinga jua; wanakwaya; ndugu wageni waalikwa mlioketi, na ndugu waumini mliosimama: nawasalimu nyote. Kwa itifaki ya kanisa letu nilipaswa kuanza na waliosimama, lakini mgeni ni mgeni.

Kwa wale wasionifahamu, mimi naitwa Maximilla Nekesa. Nilizaliwa Busia upande wa Kenya, nikafundisha shule ya msingi, nikaolewa hapa Dabani, upande wa Uganda, na Mzee Okia, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa katibu wa kanisa hili. Leo mnaniaga. Kamati ya maandalizi imenipa dakika kumi na tano na imeniomba nizungumzie historia fupi ya jina letu na imani yetu. Historia ninayo. Ufupi ndio sina hakika nao.

Wengi wenu mmesoma kile kijitabu cha kumbukumbu chenye jalada la kijani. Ukurasa wa pili unasema kwamba jina la Waliosimama lilishuka mjini Tororo, siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, wakati waasisi walipokuwa katika kungoja na kunyenyekea. Kijitabu hicho nilikiandika mimi. Jumanne ni kweli. Saa tano ni kweli. Kungoja ni kweli kabisa. Hayo mengine naomba kuyasahihisha leo mbele yenu, nikiwa na akili timamu, na mume wangu akinisikia.

Tulitoka katika kanisa mama tukiwa watu thelathini na mmoja. Je, tulitoka kwa sababu ya Utatu? Tulitoka kwa sababu ya ubatizo? Ndugu zangu, tulitoka kwa sababu ya kipaza sauti. Kanisa lilikuwa limenunua kimoja, cha kufunga juu ya mti wa mwerezi, na nusu ya waumini walitaka kielekee sokoni ili wenye dhambi wasikie, na nusu walitaka kielekee kijijini ili wagonjwa wasikie. Tulibishana wiki sita. Siku ya mwisho Baba Askofu, ambaye wakati huo alikuwa fundi wa mashine ya kusaga mahindi na alikuwa amezoea kushindana na kelele za injini, alisema kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza: "Anayewapenda wagonjwa anifuate!" Tukamfuata. Kipaza sauti kilibaki kule, na baadaye kiliibwa.

Basi tukawa kanisa. Lakini kanisa halina budi kusajiliwa, na ili lisajiliwe lazima liwe na jina. Tulikwenda Tororo, kwenye ofisi moja ya usajili, mimi na Baba Askofu na wazee wanne. Karani alikuwa mama mmoja aitwaye Annet, mwenye miwani na haraka. Baba Askofu akamwambia tunataka kuitwa Kanisa la Nuru.

"Nuru iko nyingi," akasema Annet bila kuinua kichwa. "Iko Nuru ya Asubuhi, Nuru ya Kweli, Nuru Mpya, na Nuru Mpya Zaidi."

"Basi Kanisa la Mwamba."

Annet akageuka akatazama dirishani, ambako Mwamba wa Tororo ulionekana wote, mkubwa, umesimama peke yake kama kawaida yake. "Baba," akasema, "mwamba yenyewe ni moja ile. Makanisa yake ni kumi na moja. Rudini nyumbani mfikirie."

Tukarudi nyumbani, tukafikiria, tukafunga siku tatu bila kula. Tukarudi Jumanne bila jina.

Siku hiyo ofisi ilijaa. Nje ya mlango palikuwa na benchi moja. Tulipofika, benchi hilo lilikuwa limekaliwa na kikundi cha wafugaji nyuki kutoka Nabuyoga, ambao pia walikuja kujisajili. Tukasimama. Tulisimama tangu saa mbili. Ilipofika saa tano, Baba Askofu akaambiwa nakala moja imepungua, akatoka kwenda kutoa fotokopi ng'ambo ya barabara. Wakati huo ndipo Annet alipotoka nje akiwa na fomu mbili mkononi.

"Hii ya nani?" akauliza.

"Ni ya hao waliokaa," nikamjibu, "wa nyuki."

"Na hii nyingine? Nyinyi ni nani?"

Ndugu wageni waalikwa, miguu yangu ilikuwa imevimba. Nilikuwa nimevaa viatu vya harusi ya dada yangu. Sikuwa nawaza mbingu. Nikamwambia: "Sisi ni wale waliosimama."

Akaandika. Nilimwona akiandika. Mstari wa jina ulikuwa mtupu, naye akaujaza kwa kalamu nyeusi: Waliosimama. Akagonga muhuri.

Nimeona baadhi yenu mnatazamana. Na wewe, Mzee Justo wa baraza la wazee, vumilia kidogo, bado sijafika.

Baba Askofu akarudi na fotokopi yake. Akachukua fomu, akasoma. Kisha akavua kofia. "Mama Maximilla," akaniuliza polepole, "jina hili limetoka wapi?"

Hapa ndipo nilipokosea. Ningeweza kumwambia. Lakini niliona tukirudishwa mara ya pili, nikawaona wale watu thelathini na mmoja wakituuliza jina liko wapi, nikaona na viatu vyangu. Nikasema: "Limetoka tu, Baba."

"Limetoka tu," akarudia. Machozi yakamlengalenga. Aliyaelewa maneno hayo alivyoyaelewa, na mimi nikamwacha ayaelewe hivyo.

Kumbe kazi ilikuwa haijaisha. Fomu ilikuwa na ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili uliuliza: Imani yenu inatofautianaje na ya makanisa yaliyopo? Tulikuwa tumejibu kwa unyoofu: Haitofautiani. Annet akakataa. "Kama hamna tofauti, mnasajili nini? Rudini kwa mama yenu." Baba Askofu akalitazama lile jina kwa muda mrefu. Kisha akaniamuru niandike, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri: Sisi huabudu tukiwa tumesimama. Tulipotoka nyumbani asubuhi, hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa akiamini hivyo. Tulipopanda gari la kurudi jioni, sote sita tuliamini.

Jumapili iliyofuata mabenchi yakatolewa nje. Baba Askofu alikuwa amepata mistari arobaini na miwili ya Maandiko inayotaja kusimama. Mistari inayotaja kukaa aliisoma pia, ila kwa haraka.

Na sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba nalicheka kanisa langu. Imani hii ilitufaa kwa mengi. Tangu siku hiyo hakuna aliyesinzia katika mahubiri. Wahubiri wetu nao, kwa kuwa wanasimama sawa na wasikilizaji, wakajifunza kumaliza kwa dakika ishirini, jambo ambalo, Mheshimiwa Mwenyekiti, hata serikali haijaliweza. Watu wakaja. Tulikuwa thelathini na mmoja, leo tunapita elfu mbili katika pande zote mbili za mpaka. Watu walipenda kuambiwa kwamba wamesimama. Mwanamke aliyeachwa na mumewe, kijana aliyefukuzwa kazi, walipoulizwa "wewe ni nani?" walijibu "mimi ni Msimama," na mgongo ukanyooka. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Lakini jambo likishakuwa imani, linataka kufafanuliwa. Je, kuchuchumaa ni kukaa? Baraza lilikutana siku mbili, likiwa limesimama, likaamua kwamba kuchuchumaa ni kukaa kusikokamilika, na kwamba kunaruhusiwa kwa kufunga kamba za viatu. Je, mtu anayekuja kanisani kwa boda boda, si amekaa? Tukaamua kwamba safari si ibada. Ila mtu akiimba nyimbo za kanisa njiani, hapo itakuwa ibada, na atakuwa ameabudu akiwa amekaa. Ndiyo maana Mujib, dereva wa boda boda wa stejini, ambaye ni Mwislamu na hana hatia yoyote, alikuwa akiwaambia abiria wetu kila Jumapili: "Mama, tafadhali, usiimbe hapa nyuma. Utaniletea kesi."

Kisha likaja la kuegemea ukuta. Askofu Arnold, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Ulisema kuegemea ni nusu ya kukaa. Baba Askofu akasema ukuta ni wa kanisa, na anayeegemea kanisa hajakosea. Ukaondoka na watu mia sita, ukavuka mpaka, ukasajili Kanisa la Waliosimama Wenyewe. Ndugu waliozaliwa tumbo moja wakaacha kula pamoja. Harusi mbili zikavunjika. Bibi harusi mmoja alionekana kwenye picha ameegemea gari.

Na mimi, niliyejua benchi lilikuwa moja, nilikuwa naandika kumbukumbu za vikao.

Sasa nimfikie mume wangu. Mzee Okia alikuwa mpakiaji mizigo Tororo. Miaka tisa iliyopita alianguka kutoka juu ya lori lililosheheni, nyonga ikavunjika, na tangu siku hiyo hawezi kusimama zaidi ya muda wa kusoma salamu. Alipotoka hospitali alitaka kuja kanisani. Baraza likakutana. Lilikuwa na huruma, siwezi kusema uongo. Likaamua kwamba Mzee Okia anaweza kukaa, ila asikae ndani, kwa sababu ndani ni ibada. Akae nje, kwenye dirisha la tatu. Hajati Hadijah, ambaye si wa dini yetu, alimletea kiti kutoka kwenye vile viti vyake vya kukodisha, akakataa kukichukua tena.

Miaka tisa. Mnakumbuka kwamba yeye ndiye sauti yetu ya nne, ile nzito ya chini? Kwaya ililazimika kusogezwa ukutani ili sauti ya nne isikike kupitia dirishani. Mvua ikinyesha, dirisha lilifungwa, na nyimbo zetu zikabaki bila mguu. Wageni walikuwa wakiuliza kwa nini kwaya ya Dabani huimba vizuri zaidi wakati wa kiangazi.

Ningeweza kusema neno moja. Sikusema. Kila Jumapili nilisoma matangazo nikiwa nimelipa dirisha la tatu mgongo.

Mwaka jana makanisa haya mawili yalianza mazungumzo ya kuungana tena. Yakakwama kwenye ukuta. Askofu Arnold akasema twende kwenye chanzo: waasisi walipoandika "tumesimama", walimaanisha kwa kuegemea au bila kuegemea? Fomu ililetwa. Fomu haikusema. Ndipo maaskofu wawili wakakubaliana, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka saba, kwamba tumtafute karani aliyeipokea.

Tukampata Annet. Amestaafu, ana duka la sare za shule karibu na soko la Tororo. Alitukaribisha, akatoa vigoda vitatu. Maaskofu wakashukuru, wakabaki wamesimama, wakizungukwa na sketi za bluu.

"Mama," akasema Baba Askofu, "siku ile ya jina. Tuambie ulichokiona."

Annet akafikiria. "Ile siku nakumbuka. Bench ilikuwa moja."

Askofu Arnold akatoa daftari, akaandika. "Benchi ni moja," akasema Baba Askofu kwa kunong'ona. "Maana kiti cha enzi ni kimoja."

"Hapana, Baba. Bench. Ya mbao. Ilikuwa pale inje. Watu ya nyuki walikaa, nyinyi mlisimama. Nikauliza nyinyi ni nani, huyu mama akasema sisi ni wale waliosimama. Mimi nikaandika. Mlikuwa mmeacha nafasi."

Wote wawili wakanigeukia.

"Mama Katibu?" akasema Baba Askofu.

"Ni kweli," nikasema. "Ulikuwa kwenye fotokopi."

Askofu Arnold alifunga daftari lake. Annet, kwa kutokujua amefanya nini, akatuuliza kama tuna wajukuu wanaohitaji soksi. Tulinunua soksi. Tulirudi hadi Busia, na tulipofika Baba Askofu akasema: "Mama Maximilla, watu elfu mbili wamesimama juu ya jambo hili. Litabaki kati yetu." Askofu Arnold akasema amina. Wiki hiyohiyo makanisa yakaungana. Kuegemea kuliruhusiwa. Mlipiga vigelegele, mkachinja ng'ombe wawili, mkajiuliza ni roho gani iliyowapatanisha maaskofu hawa ghafla. Sasa mnajua.

Lakini mimi sikuweza kula ile nyama. Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu yote, tangu viatu hadi soksi. Alisikiliza akiwa amekaa, kama ilivyo kawaida yake. Nilipomaliza akauliza:

"Kwa hiyo kama hao wa nyuki wangekuja siku nyingine?"

"Tungekaa."

"Na kanisa lingeitwaje?"

"Sijui, Mzee."

Zikapita siku tatu. Alikunywa chai, alilisha kuku, hakunisemesha. Niliwahi kufiwa na wazazi wangu wote wawili, lakini siku tatu zile zilikuwa nzito kuliko matanga. Jumamosi jioni akaniambia: "Kesho utanibebea kiti. Nataka kuingia ndani."

Mlikuwapo. Tuliingia wakati wa wimbo wa pili. Nilikiweka kiti cha Hajati mbele kabisa, kwenye njia ya katikati, Mzee Okia akakaa, akaikunjua miguu yake polepole, na akaingia wimboni kwa sauti ya nne, ndani, bila dirisha. Wimbo wenyewe nusura ukatike. Baadhi yenu mlikuwa hamjawahi kuisikia sauti hiyo kutoka karibu. Shemasi mmoja alikuja akaniuliza sikioni: "Mama Katibu, tufanye nini?" Nikamwambia endelea kuimba. Kisha na mimi nikakaa chini sakafuni, kando ya kiti chake. Niliona simenti ya kanisa letu kwa karibu kwa mara ya kwanza. Mama Atai, ambaye ana miaka themanini na minne, akaniangalia, akasema "hata mimi basi," akakaa. Wakafuata wengine watano, wote wazee, na mjamzito mmoja.

Mnajua yaliyofuata. Wazee wa kanisa walikaa kikao, samahani, walisimama kikao, wakaamua niandikiwe barua. Na kwa kuwa barua zote za kanisa huandikwa na katibu, niliiandika mwenyewe: Kwa kosa la kukaa, Mama Maximilla amesimamishwa. Nilipowasomea, Mzee Justo akauliza hii ni adhabu au ni sifa. Je, katika kanisa letu, aliyesimamishwa si ndiye aliyefanikiwa? Hoja hiyo ilichukua saa nne. Mwishowe barua ikachanwa, ikaamuliwa nistaafishwe kwa heshima, kwa hema, kwa wali na kwa hotuba. Ndiyo sherehe hii.

Sina uchungu. Baba Askofu, naomba watu wote wajue jambo moja juu yako. Mume wangu alipolazwa hospitali, ulikuja kila siku kwa wiki tatu. Palikuwa na kiti cha mgeni kando ya kitanda, na wewe, kwa kuwa ulikuwa unaomba, hukukikalia hata mara moja. Wauguzi walikuwa wanakupitia pembeni wakiwa na dripu. Ulisimama pale kwa ajili ya mtu uliyemweka dirishani baadaye, na yote mawili uliyafanya kwa moyo mmoja, kwa sababu ya neno langu. Wewe hukumdanganya mtu. Mimi ndiye niliyekudanganya wewe, na nakuomba msamaha mbele ya watu wako. Na wewe, Mzee Okia, ulinisamehe bila kuniambia; niliona uliponiachia kiti chako jana, ukaenda kukaa kitandani.

Sasa nimalizie, maana dakika zangu zimeisha zamani. Naona wazee wanne wameniletea zawadi. Mmeifunika kwa shuka la maua, lakini shuka ni fupi, na chini yake naona miguu minne ya mbao na kitambaa cha zambarau. Kamati imeninunulia kile ambacho kila kamati humnunulia kila mstaafu, na nadhani hakuna aliyefikiria mpaka sasa hivi. Mzee Justo, usiirudishe nyuma. Ni nzuri. Naipokea kwa mikono miwili. Ila nyumbani kwetu viti tunavyo, na ningependa hiki kibaki hapa, ndani, karibu na mimbari.

Nawashukuru kwa miaka yote mliyonivumilia, nawashukuru kwa masikio yenu, na zaidi nawashukuru kwa miguu yenu. Baba Askofu, una miaka sabini na mitatu, umesimama hapo tangu saa tatu asubuhi, na nimeona umelegeza kamba za viatu.

Karibu kiti.